Siku Isiyoitwa Njema

1

Siku ya arobaini tangu Anga lipasuke, Subilaga aliamka, akafunga kamba za viatu, akatembea hadi kwenye foleni ya uji, na hapo ndipo alipogundua kwamba amevaa viatu vya marehemu mumewe. Vilimzidi kwa vidole viwili. Alivitazama kidogo, akaona hakuna sababu ya kurudi kuvibadilisha, akasogea foleni iliposogea. Mtu akitaka kujua hali ya mwanamke huyu mwezi ule, habari ndiyo hiyo. Hakulia, hakugombana na mtu, alikula alichopewa na kulala alipoambiwa alale, na watu wakawa wanamsifu kwa jinsi anavyomtegemea Mungu. Sifa hizo alizipokea kama alivyoupokea uji.

Uji wenyewe ulikuwa nusu kikombe. Watu mia mbili na watano wa Bonde la Shukrani walikuwa wamebanana kwenye mapango yaliyochimbwa na mashine za waanzilishi ndani ya mwamba mwekundu wa Mirihi, wanasikilizana wakikoroma, wanajuana nani ana kikohozi na nani anajisingizia. Nje ya mlango wa chuma, hatua mia moja tu, yalikuwapo matuta yao sita ya kilimo, kila moja na kuta na milango yake, makubwa kama viwanja vya mpira, yenye mwanga na udongo ulioiva. Hakuna aliyetaka kuyakanyaga.

Waanzilishi walifika huko miaka thelathini na mmoja nyuma. Walikuwa mainjinia, wakulima wa maharage na walimu wa shule ya Jumapili kutoka nyanda za juu kusini, na walikuwa na tabia moja inayoudhi na kupendeza kwa pamoja: hawakufanya jambo bila kulitafutia mahali pake katika habari ya uumbaji. Kazi zote za bonde ziligawanywa kwa siku. Watu wa taa na umeme waliitwa Siku ya Kwanza. Waliotunza paa la bonde waliitwa Siku ya Pili, wakulima Siku ya Tatu, watu wa kalenda na mawasiliano Siku ya Nne, wa samaki na kuku Siku ya Tano, na wa shule, zahanati na mbuzi Siku ya Sita. Siku ya Saba hata pampu zisizo za lazima zilizimwa, mafundi wakakaa na familia zao wasijue mikono waiweke wapi. Wala hakuna aliyethubutu kusema ameumba kitu. Mtoto akija na gari la waya akajisifu kuwa ameliumba, mama yake alimsahihisha palepale: umelipanga, mwanangu, vitu vyote umevikuta.

Kazi yoyote iliyokamilika ilitazamwa na Mkaguzi, na Mkaguzi wa tatu tangu bonde lianze alikuwa Subilaga. Alipima, akapima tena, kisha watu wakakusanyika. Mzee wa baraza alimuuliza, Mkaguzi, umeona? Naye akajibu, nimeona. Mzee akauliza, ni nini? Akajibu, ni vyema. Ndipo watu wote wakaitika kwa pamoja, asifiwe Muumba. Kitu kikiwa kibovu hakukuwa na mkutano. Fundi alivutwa pembeni akaambiwa arudie, aibu ikaishia hapo. Kwa hiyo kwa miaka yote hiyo mkutano haukuwahi kusikia jibu jingine, na neno la Mkaguzi halikuwahi kuwaangusha.

Kilichoachwa bila kukaguliwa kilikuwa kimoja tu, nacho ni Anga.

Lilikuwa kazi ya kushangaza. Ngozi mbili za plastiki ngumu zilitandazwa juu ya bonde kutoka ukingo hadi ukingo, na kati yake yakawekwa maji, kina cha mita mbili, yaliyogawanywa katika vyumba vingi ili yasikimbilie upande mmoja. Maji yale yalizuia mionzi ya kuua inayotoka juu, na jua likapita humo likawafikia watu likiwa na rangi ya chupa. Waanzilishi walipoona maji juu ya anga, na mabwawa ya samaki chini ya anga, wengine walipiga magoti papo hapo. Kisha wakarudi kwenye Maandiko. Wakaona kwamba Mungu aliiona nuru akasema ni njema, na siku ya tatu alisema hivyo, na ya nne, na ya tano, na ya sita. Ila siku ya pili, alipofanya anga, hakusema. Wakasoma tena. Hakusema. Mchungaji wa wakati ule akaamua kwamba ikiwa Muumba mwenyewe alinyamaza juu ya anga lake, binadamu hana mdomo wa kusema lolote juu ya hili la plastiki, na wote wakaona ameamua kwa unyenyekevu. Basi Anga likazibwa lilipovuja na kuombewa kila asubuhi, ila halikupimwa hata mara moja. Kulichunguza kulionekana utovu wa adabu.

Ndipo chumba kimoja cha maji kilipofunguka juu ya Tuta la Nne. Milango ya tuta ilijifunga yenyewe, kama ilivyopangwa, ili hewa ya bonde isitoroke. Watu saba walibaki ndani. Walikufa maji, kwenye sayari isiyo na mto hata mmoja, na mmoja wao alikuwa Ambakisye, mume wa Subilaga. Subilaga mwenyewe alikuwa Tuta la Tano akihesabu taa. Alichokikumbuka ni mlio wa mpira wa mlango ukijibana, basi.

2

Asubuhi hiyohiyo ya siku ya arobaini, baba mkwe wake alikuja hadi kwenye pazia la chumba chake.

Hilo peke yake lilikuwa jambo. Kwa desturi waliyokuja nayo kutoka nyumbani, mtu na mke wa mwanawe hawatazamani. Mzee Anyosisye, mwenyekiti wa baraza, alikuwa hajamtazama mkwewe usoni kwa miaka tisa ya ndoa, na katika bonde lenye njia tatu hiyo ni kazi. Walijuana kwa kikohozi na kwa mwendo. Akiwa na neno alilituma kupitia mkewe, na hata kwenye mikutano ya ukaguzi alimuuliza maswali yake huku ameangalia ukuta, watu wakazoea.

Sasa alisimama nje ya pazia akamwita kwa jina, kisha akalisogeza na kumtazama. Subilaga alipaswa kujifunika uso kwa kanga. Aliifikiria kanga hiyo, ikiwa mahali fulani chini ya mto, akaona safari ni ndefu. Akaketi tu.

Mzee alikuwa amekonda. Alizungumza taratibu, na mengi aliyoyasema Subilaga aliyajua. Viazi vya ghalani vitaisha baada ya siku hamsini na tano. Maharage yakipandwa wiki ijayo yatawahi. Yakipandwa baadaye hayatawahi, na chombo cha kutoka Duniani kipo miezi kumi na minne mbali. Wapandaji arobaini walihitajika. Alikuwa amewasihi, mchungaji amewasihi, na jibu lao lilikuwa moja, kwamba hawaendi kukaa chini ya kitu ambacho Mkaguzi hajakiona. Baraza limekaa na kuamua kwamba desturi iwekwe kando, mara hii moja.

"Nimezika saba, na mmoja ni wa tumbo la mke wangu," Mzee alisema. "Sitaki kuzika mia mbili kwa njaa. Mimi hawanisikii tena. Jumapili simama useme Anga ni vyema, na Jumatatu watapanda."

Subilaga alimuuliza itakuwaje akipima akakuta si vyema.

"Pima upendavyo," Mzee akajibu. "Lakini jua kwamba neno walilobaki nalo hawa watu ni hilo lako. Ukiwaambia si vyema, hawatauliza ni wapi. Watakaa humu humu hadi mtu wa mwisho."

Alirudisha pazia vizuri, akalinyoosha mkunjo, akaondoka. Subilaga alisikia mwendo wake ukipotea kwenye njia. Alijua kwamba kitu kikubwa kimetokea, mzee yule kumtazama machoni, akangoja kuona kama kitamgusa. Hakikumgusa. Akalala tena na viatu vya mumewe miguuni.

3

Kesho yake, Ijumaa, alichukua kipima-nuru akatoka peke yake.

Kipima-nuru ni kidude cha ukubwa wa kisahani, kina jicho la kioo juu na namba ubavuni. Kazi yake ni kusema mwanga kiasi gani unaifikia mimea. Matuta yalikuwa na nuru mbili, ya jua linalopita kwenye maji ya Anga na ya taa zilizoning'inia chini yake, na kipimo kilizijumlisha zote. Mtu akitaka kuzitenganisha, anazima taa na kupima tena. Kinachobaki ni jua, na jua likipungua mahali pamoja wakati kwingine liko vilevile, maana yake ni moja: maji ya juu ya pale yameongezeka kina. Na maji hayaongezeki kina bila ngozi ya chini kubinuka kuyapokea. Mtoto wa darasa la sita angeweza kulifikia jibu hilo akiruhusiwa kulitafuta.

Subilaga alikuwa amelifikia siku tisa kabla ya msiba.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Tuta la Nne lilipungua kwa asilimia kumi na nne. Alizima taa, akapima, pengo likawa palepale. Aliinua macho, akaona Anga limeshuka kidogo, limeweka kitambi, na alichofanya ni kuyateremsha macho haraka, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mzee anaoga. Huo ndio ukweli wote wa tukio lile. Hakuogopa kufukuzwa kazi wala hakutishwa na mtu. Aliona haya tu. Alijiambia kwamba watu wa Siku ya Pili wataona dalili zao wenyewe, kwamba Muumba anashikilia mengi kuliko hilo, kwamba si mahali pake. Lakini namba ilikuwa imeshaandikwa na ilitaka sababu, kwa hiyo mbele yake akaandika: taa zina vumbi, zifutwe.

Aliyetumwa kuzifuta alikuwa Ambakisye. Alirudi akimtania kwamba taa zake ni safi kuliko sahani zake, mkaguzi gani huyu. Wiki iliyofuata kipimo kilikuwa kimeshuka tena, Subilaga akaandika yaleyale, na Ambakisye akapanda ngazi mara ya pili, na kitambaa chake, akipiga mbinja. Hakuna aliyejua habari ya namba hiyo zaidi yake. Waliotafuta sababu ya msiba walitafuta kwenye dua na kwenye dhambi za vijana. Daftari la nuru hakuna aliyelifungua.

Sasa alitembea tuta kwa tuta. La Kwanza lilikuwa sawasawa. La Tano na la Sita, sawasawa. La Nne lilikuwa nyuma ya mlango uliofungwa, na alipita mbele yake bila kupunguza mwendo. La Tatu lilikuwa limepungua asilimia mbili. Alirudia mara tatu, na zote zikabaki mbili, ambazo ni kosa la kawaida la kipimo. Akaingia Tuta la Pili, ambako udongo ulikuwa mzuri kuliko kote, akazima taa.

Kumi na moja.

Mara hii hakuteremsha macho. Alilala chali kwenye mfereji mkavu kati ya mistari ya kupandia, akalitazama Anga moja kwa moja, kwa muda mrefu, kitu ambacho katika maisha yake yote hakuwahi kukifanya. Lilikuwa limebinuka. Juu ya kitambi hicho maji yalisogea polepole na jua lilitembea ndani yake. Lilikuwa zuri sana, na yeye aliuona uzuri huo jinsi mtu anavyoona picha ya chakula akiwa ameshiba. Hilo ndilo lililomsumbua kidogo, kwamba hata hapa, chini ya kitu kilichomuua mumewe, moyo ulikuwa umekaa kimya tu.

Akaanza kuhesabu, maana kuhesabu bado aliweza. Matuta manne ni mazima. Moja ni hatari, jingine limekwisha kufa. Akisema ni vyema, watu arobaini watapanda Jumatatu, na sehemu yao watakuwa hapa alipolala. Akisema si vyema, watu watasikia hayo maneno mawili tu, na yale matuta manne mazima yatakaa matupu hadi njaa imalize kazi. Ili wayaamini yale manne, ilibidi waelewe namna nuru inavyosema habari za maji. Wakishaelewa hivyo, mtu wa kwanza mwenye akili atauliza kama nuru haikusema chochote mara ile ya kwanza. Huko hakutaka kufika. Akawasha taa, akarudi mapangoni.

4

Jumamosi mchana alimkuta mama mkwe wake kwenye kona ya ghala, ameketi juu ya gunia, anachambua maharage ya mbegu.

Mama Ambakisye alifundisha shule ya Jumapili tangu bonde lina hema tatu. Alikuwa mfupi, mkavu, na mikono isiyojua kukaa. Wengine walipomlilia mwanawe alilia nao, wakimaliza aliwapa kazi. Alisogea kidogo, Subilaga akaketi, wakachambua pamoja, yenye matundu huku, mazima huku. Kwa muda walizungumza kama kawaida yao, yaani mama alizungumza. Alikuwa amejiandikisha kupanda. Alikuwa mtu wa kwanza kujiandikisha, ili wengine waone haya, na kundi lake limepewa Tuta la Pili.

Subilaga alichagua mbegu moja, akaiweka, akachagua nyingine. Kisha akamuuliza mama kama haoni vibaya kwamba desturi inavunjwa, kwamba kesho mtu atasema juu ya Anga wakati Mungu mwenyewe hakusema.

Mama alicheka puani. Alisema yeye tangu zamani hakukubaliana na yule mchungaji, ila wakati ule alikuwa binti mwenye mtoto mgongoni, nani angemuuliza. Watoto wake wa Jumapili humuuliza kila mwaka kwa nini siku ya pili haikuitwa njema, na yeye huwaambia wahesabu. Wahesabu neno hilo limesemwa mara ngapi siku ya tatu.

"Mara mbili," Subilaga alisema. Alikuwa mmoja wa watoto hao.

"Mara mbili. Siku ya tatu alikusanya maji mahali pamoja, akaona ni vyema. Halafu akaotesha majani, akaona ni vyema. Sasa ile ya kwanza ni ya nini? Ni ya maji, mwanangu. Siku ya pili kazi ya maji ilikuwa haijaisha. Alitenga ya juu na ya chini, ya chini bado yametapakaa kila mahali, jioni ikaingia. Wewe ukiwa na kazi nusu mezani utasema nimemaliza, ni nzuri?" Alipuliza maganda kutoka kiganjani. "Hakusema. Lakini usidhani hakutazama. Alitazama akaona bado."

Aliendelea na mambo mengine baada ya hapo, habari za mbuzi mmoja mgonjwa na za mwanamke anayeiba sukari. Subilaga hakuyasikia. Alikuwa ameshika mbegu moja kati ya vidole muda wote, na mama alipomwambia aiweke upande wowote ule maana haitachipuka akiitazama, aliiweka kwenye mazima bila kuangalia, mama akaitoa.

Alitaka kumwambia palepale. Alimwangalia yule mwanamke akiinama juu ya ungo, kichwa chenye mvi kinachofanana na cha Ambakisye kwa nyuma, akajua kwamba akimwambia hapa, wawili peke yao, mama atamsitiri. Angeyameza, angemwambia nyamaza, mimi nitaongea na mzee. Nao wengine wasingejua kusoma Anga. Akachambua hadi gunia likaisha, akaaga, akaenda kulala, na usingizi ukamjia mara moja, jambo ambalo baadaye aliliona aibu.

5

Jumapili pango kubwa lilijaa hadi kwenye ngazi. Waliimba, na waliimba vibaya, watu wenye njaa hawana pumzi. Mchungaji aliomba kwa ajili ya mawe, kwa ajili ya barafu iliyo chini ya mawe, kwa ajili ya jua ambalo ni dogo huku lakini ni lilelile, akamshukuru aliyevifanya vyote bila kuwashauri wao. Kisha Mzee Anyosisye akasimama. Aliangalia ukuta, kama siku zote.

"Mkaguzi, umeona?"

"Nimeona."

"Ni nini?"

Subilaga alisikia kikohozi nyuma, na mtoto akibembelezwa. Mikono yake ilikuwa mikavu kabisa.

"Si vyema," alisema.

Baadhi walikuwa wameshafungua midomo kwa mazoea, wakaifunga. Halafu kelele zikaanza kutoka kwenye ngazi kuja mbele, mtu akasema twendeni ndani zaidi, mwingine akaanza kuvuta watoto wake, na Mzee, uso wake ukiwa umezeeka ghafla, akatazama chini. Alikuwa amesema itakuwa hivi.

Subilaga hakupandisha sauti. Alisema kwamba si vyema juu ya Tuta la Pili, kwamba maji pale yamebinua ngozi kama yalivyofanya juu ya Tuta la Nne, na kwamba matuta mengine manne ni mazima na yanaweza kupandwa kesho. Alisema maji ya Tuta la Pili yashushwe, ukuta wa chumba, unaopitisha maji ya jirani, uchomelewe upya, ni kazi ya siku thelathini. Kijana mmoja wa Siku ya Pili, ambaye kaka yake alikufa pamoja na Ambakisye, akauliza kwa hasira anajuaje. Anga halijapimwa hata siku moja, yeye ana macho gani. Ndipo akaeleza habari ya kipima-nuru, kuzima taa, kupima tena, kwa maneno ambayo mtoto angeyaelewa, na alipokuwa akieleza aliona nyuso zikianza kuelewa moja baada ya nyingine. Nyuso za mbele zilielewa kwanza. Alijua swali linakuja, na hakulisubiri.

"Tuta la Nne nililiona pia. Nilikuta limepungua kumi na nne, nikazima taa, nikajua. Niliandika kwamba taa zina vumbi."

Kutoka benchi la kwanza, Mama Ambakisye alisimama. Aliushikilia mgongo wa benchi kwa mkono mmoja.

"Uliona siku ngapi kabla?"

"Tisa, mama."

"Ukamtuma mwanangu afute taa."

"Mara mbili, mama."

Mikono ya mama, ile isiyojua kukaa, ilikuwa imetulia. Alimtazama Subilaga, akaitazama miguu yake na viatu vile vikubwa, akarudi usoni, na watu walisubiri amlaani. Alikuwa na haki hiyo, na hakuna mtu pale ambaye angemzuia.

"Asifiwe Muumba," mama alisema.

Aliisema kwa sauti iliyokwaruza, bila furaha hata chembe, kama mtu anayelipia kitu alichokwisha kunyang'anywa. Hakuna aliyeitika naye. Akarudia, kwa nguvu zaidi, akigeuka kuwatazama watu wote. Ukaguzi umefanyika, alisema, jambo limeonwa, na anayepaswa kusifiwa ni yuleyule hata leo. Mzee Anyosisye akaitika wa pili, kichwa chini. Kisha mchungaji, kisha wachache, kisha pango zima, ovyo ovyo, kila mtu kwa wakati wake, wengine wakilia.

Kelele zilipotulia mama bado alikuwa amesimama.

"Mimi nitapanda Tuta la Kwanza kesho, anayekuja aje," alisema. "Na wewe, Subilaga, sikusamehe. Ondoka mbele yangu. Nenda ukawaonyeshe hawa mahali pa kutoboa."

Subilaga aliondoka. Watu walimpisha kwa upana kuliko ilivyohitajika. Yule kijana mwenye hasira na wenzake wawili walibeba pampu na mpira wa maji, wakamfuata bila kumsemesha, na kabla ya saa sita walikuwa ndani ya Tuta la Pili, taa zimezimwa. Walisimamisha ngazi. Subilaga alipanda na kipima-nuru hadi kichwa kikakaribia kugusa Anga, akaanza kutaja namba, ngazi ikisogezwa hatua kwa hatua, ili wajue kitambi kinaanzia wapi na kinaishia wapi, na kijana akawa anaweka alama ya chaki kwenye udongo chini. Ngozi ilikuwa ya baridi. Maji yalisogea upande wa pili wa plastiki, karibu kabisa na uso wake.

Alisoma namba ya kwanza, na ya pili. Kwenye ya tatu sauti ilikatika. Alijaribu tena, ikakatika tena, na kitu kilichokuwa kimekaa kimya kifuani kwa siku arobaini na tatu kikaanza kupanda hadi ikabidi ashike ngazi kwa mikono miwili na kuegemeza paji la uso kwenye chuma. Alilia kwa sauti mbaya. Kijana alisimama chini, chaki mkononi, hakuondoka.

Baadaye Subilaga akajifuta kwa mkono wa shati, akainua kipima-nuru, na kuisoma namba ile upya.